Kabla Hujazima Jiko

Wengi wanaoamua kuhamia vyakula vibichi huanza kwa kishindo. Jiko linazimwa siku moja, friji linajazwa matango, kabichi na karoti, na watu wa nyumbani wanaambiwa kwamba kuanzia leo hakipikwi kitu. Haipiti wiki, mhusika ana njaa isiyoisha, tumbo limejaa gesi, kichwa kinauma, na usiku sufuria ya wali inarudi mekoni. Anajilaumu kwamba hana msimamo. Msimamo anao, ila hakupiga hesabu ya chakula kinachotia nguvu, na hakuuliza maji ya kuoshea yametoka wapi. Mambo hayo mawili ndiyo humwangusha mgeni wa mlo huu kuliko mengine yote, na ndiyo nitakayoyarudia humu hata ninapozungumzia mengine.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Wanaoufuata mlo huu kikamilifu, hasa Ulaya na Marekani, hukubali chakula ambacho hakijapashwa moto kupita nyuzijoto 40 hadi 48 hivi, kila kundi na kiwango chake: matunda, mboga, karanga, korosho, mbegu, na nafaka au kunde zilizoloweshwa zikaota. Mmoja wa waliouvumisha ni daktari wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, aliyefungua kituo chake cha tiba mjini Zürich mwaka 1904. Alikuwa akiwapa wagonjwa tufaha lililokwaruzwa, limechanganywa na kijiko cha oti (oats) zilizoloweshwa, njugu, maji ya limau na maziwa mazito ya kopo. Maziwa ya kopo yamekwisha kupita kwenye moto, naye hakuona tabu. Nakushauri uuchukue utulivu huo tangu mwanzo.

Utasikia pia kwamba moto unaua vimeng'enya vya chakula, na bila hivyo mwili hauwezi kusaga. Usijengee uamuzi wako hapo. Vimeng'enya vya mmea ni protini, na tumbo huvivunjavunja kama linavyovunja protini nyingine. Mwili una vyake, kuanzia kwenye mate hadi kwenye kongosho. Sababu za kweli zinatosha bila hiyo. Vitamini C na folati hupungua kwenye moto na kumwagwa pamoja na maji ya kuchemshia. Ukila mboga na matunda zaidi, nyuzinyuzi zinaongezeka na mafuta ya kukaangia yanapungua. Unatafuna sana, kwa hiyo unakula taratibu. Lakini moto nao una sifa zake: nyanya iliyopikwa na mafuta kidogo humpa mlaji rangi yake nyekundu, likopini, kwa urahisi kuliko nyanya mbichi, na karoti iliyopikwa huachia zaidi kile kinachogeuka kuwa vitamini A. Mwenye kujua yote mawili hatagombana na sufuria.

Anza na asubuhi peke yake

Mtu wa pwani au wa mjini kwetu hahitaji kufundishwa kula kibichi. Kachumbari iko mezani kila palipo na pilau. Embe bichi kwa chumvi na pilipili, dafu, tango, chungwa, karoti ya kutafuna, ubuyu: vyote hivi unavijua tangu utoto. Kwa hiyo usiende kutafuta vyakula vya kigeni vya bei ya juu kwenye maduka makubwa. Anza na ulivyovizoea, uviongeze kipimo.

Kwa wiki mbili za mwanzo badilisha kifungua kinywa tu. Mchana na usiku kula ulivyozoea, ila sahani isikose kitu kibichi pembeni. Nachagua asubuhi kwa sababu mlo wetu wa asubuhi, yaani chai ya sukari na andazi au chapati, ndio ulio rahisi kuachika kuliko ugali wa mchana, na tunda tayari lina nafasi yake hapo. Katakata papai au embe kwenye bakuli kubwa, ongeza ndizi mbivu mbili, ngumi ya nazi iliyokunwa, vijiko viwili vikubwa vya ufuta au mbegu za maboga, kisha kamulia ndimu. Unga wa ubuyu ukinyunyizwa juu unaleta uchachu mzuri. Nazi na mbegu usiziache. Mtu akila matunda matupu saa moja asubuhi, saa nne yuko kwa mama ntilie anaagiza chapati mbili.

Fuata msimu, mfuko wako utakushukuru. Embe hujaa pwani kuanzia Novemba hivi hadi Februari, na machungwa ya Muheza hushuka bei katikati ya mwaka. Nanasi la Kiwangwa, parachichi la Njombe na Rungwe, shokishoki la Unguja, kila kimoja kina wakati wake, na anayenunua kwa msimu anakula aina nyingi kwa mwaka bila kujisumbua kupanga.

Kuhusu chai: ukiiacha ghafla, pamoja na kahawa, kichwa kinaweza kuanza kuuma ndani ya siku moja na kuendelea hata zaidi ya wiki. Wengine huambiwa hiyo ni sumu inayotoka mwilini. Ni kafeini iliyokatika. Punguza kikombe kimoja kimoja, au endelea na chai yako ya rangi bila wasiwasi. Haimzuii mtu yeyote kula papai.

Hesabu ya njaa

Hapa ndipo pa kukaa kidogo na kalamu. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kalori kama 2,000 kwa siku, zaidi akiwa anafanya kazi za nguvu. Gramu 100 za tango zina kalori 15 hivi. Papai lina 43, embe 60, ndizi mbivu karibu 90. Ukitaka kuishi kwa papai peke yake, ingekupasa ule zaidi ya kilo nne na nusu zilizomenywa kila siku. Sasa tazama upande mwingine: gramu 100 za parachichi zina kalori 160 hivi, nazi iliyokomaa karibu 350, tende kavu 280, karanga karibu 570, korosho kiasi hicho hicho pungufu kidogo.

Unga wa ugali, gramu 150 za sembe, unakupa kalori zinazozidi 500 kidogo. Ukiuondoa ugali huo na kuweka saladi ya kabichi na nyanya, umejipunguzia chakula kwa robo ya siku nzima, na mwili utakudai kabla jua halijazama. Parachichi moja kubwa na ngumi ya karanga vinafika karibu na ugali ule. Kwa hiyo kila mlo mbichi unaochukua nafasi ya mlo uliopikwa uwe na kitu kizito cha mafuta: parachichi, nazi, karanga, ufuta, korosho. Hii si ya kujaza tumbo tu. Rangi ya karoti na ya majani mabichi, ile inayogeuka vitamini A mwilini, haifyonzwi vizuri bila mafuta. Parachichi kwenye kachumbari lina kazi.

Mtafiti Richard Wrangham, aliyewachunguza sokwe mtu Gombe na baadaye katika msitu wa Kibale nchini Uganda, ameandika kwa kirefu kwamba binadamu ni kiumbe aliyezoeana na moto. Sokwe mtu hutumia kama saa sita kwa siku kutafuna. Sisi hatuna taya hizo wala saa hizo. Hata Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao bado wanapata chakula kingi porini na wanakula asali, ubuyu na matunda ya vichakani vikiwa vibichi, huchoma nyama na mizizi yao. Mgeni wa mlo huu asione aibu kusikia njaa. Mwili wake unamwambia ukweli.

Mikono ikifanya kazi ya moto

Moto hulainisha, huondoa ukali na hufungua harufu. Ukiuondoa, lazima mikono, ndimu, chumvi na muda vifanye kazi hiyo, la sivyo utakuwa unatafuna majani kwa huzuni. Mbinu tatu zinatosha kuanzia.

Ya kwanza ni ya sukuma wiki. Toa ule uti mgumu wa katikati, kunja majani, yakate membamba sana kama ya kupika. Yaweke kwenye beseni safi, nyunyiza robo kijiko cha chai cha chumvi kwa fungu moja, kamulia ndimu nzima, tia nusu parachichi lililoiva. Sasa kanda kwa vidole, unafinya na kuachia, dakika tatu au nne. Utaona majani yanabadilika mkononi mwako: kijani kinakoza na kung'aa, maji yanatoka, lile fungu lililojaa beseni linashuka hadi nusu yake, na ukionja ule ukakasi umepungua sana. Kisha weka kitunguu kilichooshwa kwa chumvi kama cha kachumbari, nyanya, na karanga zilizotwangwa. Saladi hii nimeiona ikiliwa na watu walioapa kwamba hawali majani mabichi.

Ya pili ni tui. Tui la nazi ni bichi mpaka litiwe kwenye sufuria, na wengi hatulitumii hivyo. Kuna nazi kwenye mbuzi, mimina maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, kamua, chuja kwa kifumbu au chujio. Tui la kwanza, lile zito, lipige na embe au tende kwenye blenda upate kinywaji cha asubuhi. La pili litumie kulegezea sosi ya karanga na ukwaju ya kumwagia kabichi. Litumie siku ile ile. Joto letu huchachusha tui ndani ya saa chache.

Ya tatu ni kuotesha choroko. Loweka kikombe kimoja usiku kucha, asubuhi mwaga maji, suuza, ziache kwenye chujio zimefunikwa kitambaa safi chenye unyevu. Suuza asubuhi na jioni kwa maji salama. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa vimkia vyeupe huonekana ndani ya siku moja au mbili. Lakini usizichukulie mzaha. Mbegu inayoota inataka joto na unyevu, na bakteria wanataka hivyo hivyo. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi zilibeba bakteria hatari wa E. coli, zaidi ya watu 50 walifariki na maelfu waliugua. Ushauri wangu ni uzipitishe choroko zako kwenye maji yanayochemka kabla ya kula, hata kama wafuasi wakali watasema si mbichi tena. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee, au mtu mwenye kinga dhaifu azipike kabisa.

Ambavyo lazima vipite kwenye moto

Isome sehemu hii mara mbili, maana mlo mbichi unaofaa Zürich hauwezi kunakiliwa kwenye shamba letu bila kuangalia.

Muhogo ni wa kwanza. Najua vijana wengi hununua muhogo mbichi kwenye toroli, wakala na nazi na karanga. Muhogo una kemikali zinazogeuka sayanidi mwilini, nyingi zaidi kwenye aina chungu, kwenye maganda, na kwenye mihogo iliyokumbwa na ukame. Kipande cha muhogo mtamu, uliomenywa vizuri, mtu mzima anakila bila kudhurika. Kuufanya chakula chako cha kila siku ni jambo jingine kabisa. Miaka ya 1980 wilayani Tarime, mkoani Mara, ukame uliwaacha watu wakitegemea muhogo mchungu usiosindikwa ipasavyo, na ukatokea ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na kuiacha hivyo maisha yote. Kongo imeuona ugonjwa huo mara nyingi zaidi. Kisamvu nacho, ambacho ni majani ya mmea huo huo, hakiliwi kibichi hata siku moja. Wanaokitwanga na kukichemsha muda mrefu wana sababu.

Maharage, hasa mekundu, yana sumu inayoitwa lektini. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima. Kuyaloweka hakutoshi, kuyaotesha hakutoshi, na kuyapasha moto mdogo bila kuchemka ni hatari zaidi. Yaloweke, mwaga maji, chemsha kwa nguvu hadi yaive. Magimbi yakiwa mabichi huwasha mdomo na koo. Kiazi mviringo kilichogeuka kijani kitupe, maana hata kupika hakukisaidii.

Mayai, nyama, samaki na maziwa, wapo wanaovila vibichi kwa jina la mlo huu. Usiwafuate. Maziwa yasiyochemshwa ndiyo njia ya ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na nyama mbichi ni njia ya tegu. Hapo hakuna cha kujaribu.

Karanga zinahitaji jicho. Sumukuvu, ile inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya, haiondoki yote hata ukikaanga, na anayekula karanga kila siku anaikusanya kila siku. Mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara zikapata msiba wa aina hiyo. Nunua karanga kidogo kidogo kwa muuzaji mwenye mzunguko mzuri, zimwage kwenye ungo, na utoe kwa mkono kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo. Usizisage ukiwa hujazichagua. Siagi ya karanga iliyosagwa na mtu usiyemjua huwezi kuichambua tena.

Na korosho, kwa wanaotaka usafi wa kanuni: ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi, kwa hiyo viwandani huchemshwa kwa mvuke au kukaangwa kabla ya kubanguliwa. Korosho nyeupe zinazouzwa kama mbichi karibu zote zimeshaonja joto. Kula tu, ni chakula kizuri.

Maji

Chakula kilichopikwa kinasamehe uchafu mwingi. Kibichi hakisamehi. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mwongozo ulioandikwa kwa mtu mwenye bomba safi saa ishirini na nne na mwongozo unaotufaa wengi wetu.

Jani la mboga linaweza kubeba mayai ya minyoo, amiba, vimelea vya homa ya matumbo na kipindupindu. Linaweza kubeba pia mayai ya tegu wa nguruwe yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu. Yakimezwa, vifuko vyake hujijenga kwenye ubongo, na ni mojawapo ya visababishi vya kifafa katika maeneo yanayofuga nguruwe huria, Mbulu ikiwemo. Mtu asiyegusa kitimoto naye anaweza kuugua, kwa sababu njia yake ni mboga na maji.

Kwa hiyo weka utaratibu na usiuvunje hata ukiwa na haraka. Nawa mikono kwa sabuni. Tenganisha majani moja moja, yasafishe udongo kwenye maji ya kwanza, kisha yaoshe kwa maji yanayomiminika. Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini ya kutibia maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio. Siki na chumvi vinasaidia kuondoa wadudu na udongo, lakini usivitegemee kuua kila kitu. Tunda la kumenya nalo lioshwe kabla ya kisu: kisu kinachopita kwenye ganda chafu la papai huingiza uchafu ule ndani ya nyama yake. Ubao wa kukatia samaki na nyama usikatie matunda.

Uliza mboga zimetoka wapi. Bustani zinazomwagiliwa maji ya mto uliopita katikati ya mji na kubeba maji taka, kama Msimbazi wa Dar es Salaam, huweza kuwa na metali nzito, na hizo hazioshwi kwa klorini wala kwa kuchemsha. Mwenye uwanja hata wa ndoo tano anaweza kupanda sukuma wiki na giligilani zake mwenyewe. Kwa mlaji wa vibichi ni kazi yenye faida kuliko blenda ya bei kubwa. Kipindupindu kikitangazwa mtaani kwenu, kama kilivyoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani, acha mboga za majani mbichi kabisa hadi kiishe. Baki na matunda unayoyaosha na kuyamenya mwenyewe, na vingine vyote pika. Matunda yaliyokatwa na kufungwa kwenye mifuko barabarani usiyaguse msimu huo, na hata misimu mingine jihadhari.

Tumbo likilalamika

Nyuzinyuzi zikiongezeka haraka kuliko utumbo ulivyozoea, gesi na kujaa ni lazima. Kabichi, vitunguu na choroko ndizo zenye fujo zaidi. Zipunguze mwanzoni, tafuna vizuri, kunywa maji ya kutosha, ongeza kiasi kila wiki. Choo kuwa laini zaidi ni kawaida. Kuharisha siyo. Wapo watakaokuambia kwamba kuharisha, homa na kutapika ni mwili kujisafisha, uvumilie. Usikubali. Kuharisha majimaji mara nyingi kwa siku, au kukiwa na damu au homa, ni maambukizi mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Anza kunywa maji ya ORS na nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kizunguzungu, baridi isiyo na sababu, hasira za ovyo na usingizi kukatika mara nyingi ni njaa. Rudi kwenye hesabu ya parachichi na karanga. Isiposaidia, rudisha mlo mmoja wa wali na dengu.

Wapo ambao sitawashauri kuanza bila daktari. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari anaweza kushuka ghafla akiacha wanga, na akizidisha juisi akapanda ghafla. Mwenye ugonjwa wa figo anaweza kudhurika kwa potasiamu ya ndizi, parachichi na dafu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe kiasi cha majani mabichi bila kupimwa damu. Mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto anayekua wanahitaji chakula kizito kuliko mlo huu unavyoweza kuwapa. Waongezewe matunda na kachumbari safi, sufuria ibaki mahali pake.

Ufike wapi?

Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 1999 matokeo ya kuwachunguza wanaume 216 na wanawake 297 waliokuwa wakila vibichi kwa miaka kadhaa. Wanawake kwa wastani walikuwa wamepungua kilo 12, na robo yao walikuwa chini ya uzito unaofaa. Asilimia 30 hivi ya wenye umri chini ya miaka 45 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au kukatika, hasa wale waliokuwa wakila zaidi ya asilimia 90 vibichi. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2005, wa watu 201, uliona lehemu mbaya imeshuka vizuri, jambo la kufurahia. Uliona pia asilimia 38 wana upungufu wa vitamini B12.

Kutokana na hayo, msimamo wangu ni huu: mgeni aweke lengo la nusu ya chakula chake kuwa kibichi baada ya miezi mitatu, akae hapo. Mchana, nusu ya sahani kachumbari nzito au sukuma wiki ya kukanda, nusu nyingine wali, ugali au muhogo wa kuchemsha na maharage. Usiku kula kilichopikwa, kidogo na mapema. Faida nyingi zinazotafutwa zinapatikana kwenye nusu hiyo, na hatari nyingi zinakaa kwenye ile robo ya mwisho inayofukuzia ukamilifu.

Vitamini B12 haipo kwenye mboga wala matunda. Akiba ya mwili hudumu hata miaka, ndiyo maana upungufu huja kimya: uchovu, ganzi kwenye vidole, damu kupungua. Kama unakula yai lililochemshwa, dagaa au maziwa yaliyochemshwa mara kadhaa kwa wiki, uko salama zaidi. Kama umeviacha vyote, tafuta vidonge vya B12. Chumvi nayo usiifute kabisa kwenye kachumbari, na iwe yenye madini joto, maana anayeacha chumvi pamoja na samaki anakosa madini hayo mara mbili.

Nyumbani na kwa watu usigeuze chakula kuwa mgogoro. Ukialikwa shughuli, kula mapema kidogo, nenda na bakuli lako kubwa la kachumbari au saladi ya kukanda, liweke katikati ya sinia watu wote wale, nawe chukua pilau kiasi. Mama mkwe aliyeamka alfajiri kukupikia hatakiwi kusikia hotuba juu ya nyuzijoto 48.

Pima uzito kabla ya kuanza, uandike, na upime tena kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu pima wingi wa damu, na B12 kama maabara ya karibu inaipima. Ukiwa mwembamba tangu mwanzo na uzito unaendelea kushuka, ongeza chakula siku hiyo hiyo. Na mwanamke akikosa hedhi na hana mimba, asingoje mwezi wa pili: arudishe milo miwili ya kupikwa kwa siku, aonane na daktari, amweleze wazi anakula nini na kwa kiasi gani.